Nzuri, Ila

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kando ya Barabara ya Morogoro pale Kimara Mwisho, kijana mmoja huwa ameshamaliza kupanga magazeti yake. Anayapanga kwa kuyapishanisha, kichwa cha hili kikitokeza juu ya mgongo wa lile, na pembeni anaweka mawe madogo ili upepo wa magari usiyapeperushe. Watu wanaokimbilia kituo cha mwendokasi wanasimama, wanainamisha shingo, wanasoma ya mbele, wanaondoka. Wengi hawamalizi dakika. Mimi hufika pale nikiwa nimeshatembea mpaka Baruti na kurudi, jasho likinitiririka chini ya mtandio, naye huniamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri mama. Leo unachukua, au unasoma ya juu?"

Kusoma ya juu ndiyo lugha ya pale mezani, yaani vichwa vya habari peke yake, bila kufungua ndani. Kijana ananiuliza swali la biashara, na mimi nimelibeba kwa miaka kama swali la maisha, kwa sababu kuna kipindi kirefu nilisoma ya juu ya kila kitu, mpaka ya mwili wangu mwenyewe.

Neno letu habari linafanya kazi mbili. Ndilo lililochapwa gazetini, na ndilo tunalosalimiana nalo. Ukimkuta jirani getini unamwuliza za asubuhi, za watoto, za kazi, za tangu juzi, naye anajibu nzuri, nzuri, nzuri. Anayejifunza lugha yetu hudhani mazungumzo yameisha. Mwenyeji anajua bado, naye anasubiri. Baada ya nzuri ya tatu au ya nne huja kimya kidogo, kisha: "Nzuri, ila mtoto hakulala, kifua kinambana." Habari ilikuwa imekaa nyuma ya ila. Zile nzuri za mwanzo zilikuwa ngazi za kuifikia, na asiye na subira ya kupanda ngazi anaondoka bila kuambiwa kitu.

Machi 2019 nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Tukiwa kwenye benchi, muuguzi alikuwa akiwapima presha wote waliokaa pale, wagonjwa na wasindikizaji. Akaniuliza, "Hali yako dada?" Nikamjibu nzuri, na sikuwa namdanganya. Akanifunga mkanda mkononi. 158 kwa 96. Akaniacha nikae robo saa, akarudia. 154 kwa 94. Presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90. Nilikuwa na miaka 47, mhasibu, mtu wa kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, halafu kukaa kwenye foleni, halafu kukaa kwenye kochi na simu mkononi. Presha kwa kawaida haiumi. Mwili wangu ulikuwa umeniitikia nzuri miaka yote hiyo, na sikuwahi kusubiri ila yake.

Sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ukakuta takriban mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na takriban asilimia 9 wana kisukari. Chukua kikao chochote cha harusi, cha watu arobaini waliokaa kujadili michango, halafu gawanya kwa nne. Hizo ni nafsi kumi. Takwimu hizo nilikuwa nimewahi kuzisoma, na nakumbuka hata kichwa cha habari kilivyokaa ukurasani. Nilisoma ya juu nikapita.

Daktari alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi, na akasema nitembee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ni siku tano za nusu saa. Dawa naendelea kuimeza mpaka leo, na yeyote anayewaambia watu watupe vidonge kwa sababu wameanza kukimbia anawapoteza. Lakini kutembea ndiko kulikobadilisha mambo ambayo daktari hakuwa ameyataja.

Wiki za kwanza niliacha simu nyumbani kwa hofu ya vibaka. Hilo tu. Kwa miaka nilikuwa nikiamka na kuishika kabla miguu haijagusa sakafu: ajali ya basi huko, kauli ya waziri, picha ya msiba wa mtu nisiyemjua, matokeo ya mpira, tena ajali nyingine. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Ukifika kwenye michezo, na wengi wetu huanza na huko, unajua karatasi imeisha na unaikunja. Simu haina ukurasa wa mwisho. Kidole kikisukuma, chini kuna kingine. Nilikuwa nafika kazini nimeshapokea habari hamsini, na kama ungeniuliza nikueleze moja kwa kirefu, ningekwama kwenye sentensi ya pili. Nilipoanza kutoka mikono mitupu nilikuwa narudi na njaa ya habari moja. Nilikaa barazani, nikaifungua, nikaisoma hadi mwisho. Siku ya kwanza ilikuwa habari ya bei ya korosho. Naikumbuka mpaka leo.

Septemba 15, 2025 ilinionyesha jambo hili vizuri zaidi. Saa tisa na dakika kama arobaini usiku kwa saa zetu, kule Tokyo ilikuwa asubuhi, na Alphonce Simbu alikuwa akiingia uwanjani mwishoni mwa marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake. Wakavuka mstari pamoja, muda wao ukaandikwa uleule, 2:09:48, na ikabidi picha iamue. Simbu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Nilikuwa macho, nikalia peke yangu sebuleni, nikavaa raba mapema kuliko siku zote.

Pale mezani kijana alikuwa ameshapanga, na jina la Simbu halikuwepo. Magazeti yalikuwa yametoka mtamboni kabla hajamaliza kukimbia. Watu waliosimama wote walikuwa nalo kwenye simu, wote wanalisema, "Simbu kachukua dhahabu!", na wote wakalisema kwa maneno yaleyale matatu. Nikawauliza wawili watatu: huyu ndiye aliyepata shaba London mwaka 2017, mnakumbuka? Hawakukumbuka. Ndiye aliyekuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio 2016, na Aprili hiyohiyo ya 2025 akawa wa pili Boston. Miaka tisa ya kutafuta sekunde chache. Kesho yake nilinunua magazeti mawili, nikasoma ya ndani, na hapo ndipo ushindi uliponipata kisawasawa. Simu ilinipa nzuri. Ile miaka tisa ilikuwa ila.

Huwa nasikitika kwamba mtoto wa Singida alihitaji dhahabu ya dunia ili apate ukurasa wa mbele katika nchi ambayo kurasa za michezo zinagawanywa kati ya Simba na Yanga kama mali ya urithi. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2, na nimekutana na vijana wanaojua jina lake kama jina la shule. Tunasoma michezo mno na tunacheza kidogo. Nilikuwa hivyo mimi pia. Nilijua majeruhi wote wa Yanga, na sikujua mapigo ya moyo wangu.

Kuna jambo la tatu ambalo kwangu halitengani na haya mawili, nalo ni kuandika.

Mwaka 2006 nilianzisha blogu. Enzi hizo Ndesanjo Macha alikuwa ameshaonyesha kwa blogu yake ya Jikomboe kwamba mtu anaweza kufikiri hadharani kwa Kiswahili kwenye intaneti bila kuomba ruhusa ya mhariri, na Issa Michuzi alikuwa ameanza yake mwaka 2005 akiwa Helsinki. Sisi wengine tulifuata na vijitabu vyetu. Kompyuta ilikuwa ya kafe, na kafe ililipiwa kwa muda, kwa hiyo sikuweza kwenda kufikiria kule. Nilifikiria nikiwa njiani, nikaandika kwenye daftari la kaunta, nikafika nikachapa haraka. Mwaka ule ulikuwa wa ukame na mgao wa umeme. Magazeti yaliandika mabwawa na mitambo na mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, mambo makubwa ambayo Februari 2008 yalimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Mimi niliandika kuhusu fundi cherehani wa mtaa wetu aliyekuwa akilala mchana na kushona usiku umeme ukirudi, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni la harusi saa nane usiku akiwa na tochi. Nilijibiwa na watu wa Mwanza, wa Maskati, wa Uingereza. Kila mmoja alinipa habari ya fundi wake. Nilisema yangu, nikasubiri, nikaambiwa yao. Ilikuwa salamu kamili.

Juni 2018 niliifunga. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu wawe na leseni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1, na ada ya mwaka shilingi milioni nyingine. Nakubali kwa moyo wote kwamba anayechapisha uongo unaomdhuru mtu anapaswa kuwajibika. Lakini ada haitenganishi mwongo na mkweli. Inatenganisha mwenye milioni mbili na asiye nazo, na mwongo mwenye biashara ya uongo ndiye mwenye nazo. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye. Wakati huo waliokuwa wakiandika kuhusu mafundi cherehani walikuwa wameshatawanyika.

Lazima niseme na upande wa pili, maana nisiposema sitakuwa mkweli. Blogu zetu nyingi zilikuwa zimeanza kufa kabla ya 2018. Picha moja ya uzinduzi wa semina ilikuwa ikizunguka kwenye blogu ishirini kwa siku moja, maelezo yaleyale, makosa ya tahajia yaleyale. Tulikuwa tumeacha kwenda barabarani. Mtu anayenakili taarifa ya ofisi anaandika ya juu, na hakuna kanuni iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Sasa naandika tena kwenye daftari la kaunta, ukurasa mmoja kila asubuhi baada ya kutembea, kabla ya kuoga. Mara chache ukurasa unakuwa makala kama hii. Mara nyingi unabaki kuwa ukurasa. Nimegundua kwamba habari niliyoisoma na kuiandikia hata mistari mitano inalala mahali pake, na ile niliyoisoma nikaiacha inanizunguka kifuani hadi usiku. Ukila bila kunyanyuka, chakula kinakukaa, na nadhani habari nazo zina mwili wa namna hiyo. Ukisoma juu ya mafuriko na huna mahali pa kupeleka ulichosoma, hukumjibu mtu, hukuchanga, hukuuliza, hukuandika, kesho ukasoma mengine, moyo unajifunza kwamba msiba ni kitu cha kutazamwa. Kwangu hilo ni baya kuliko kutojua.

Jumamosi na Jumapili sitembei peke yangu. Nipo kwenye joging. Asiyeishi Dar es Salaam anaweza kudhani joging ni kukimbia. Kwetu joging ni chama. Kuna kiongozi, kuna mweka hazina, kuna fulana za rangi moja, kuna michango ya msiba na ya mgonjwa, kuna bonanza ambapo klabu za Temeke, za Ilala, za Kinondoni zinatembeleana. Tunakimbia kwa nyimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, ileile mchakamchaka ya shule ya msingi iliyotutoa vumbi alfajiri kabla ya mstarini. Watu wa miaka sitini wanaitikia kwa sauti ya darasa la tano. Mwendo wetu ni wa yule aliye nyuma kabisa, na akichoka tunatembea.

Kwenye joging ndipo nilipojua kwamba mwenzetu mmoja ameachishwa kazi. Alikuwa ametuambia nzuri wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne, tukipanda kilima, pumzi zimekwisha na nyimbo zimekatika, akasema bila kugeuza uso, "Nzuri, ila nyumbani hakuna kitu." Mwili ukichoka unaacha kujipanga. Sijui sehemu nyingine katika jiji hili ambapo mwanaume mtu mzima angesema maneno yale kwa watu kumi na wawili. Tulichanga siku ileile.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Simu ikawa kipande cha kioo. Sikutembea siku zile. Raba zilikaa mlangoni. Tuliulizana habari kupitia ukutani. Jirani wa kushoto alikuwa na mtoto Ubungo ambaye hakuwa amerudi, na wa kulia alikuwa na redio. Kila aliyepita mbele ya geti aliulizwa anatoka wapi, ameona nini kwa macho yake na ameambiwa nini na wengine, na tukajifunza haraka kutenganisha hayo mawili, kwa sababu uvumi siku zile ungeweza kumpeleka mtu kwenye risasi au kumficha chini ya kitanda bila sababu. Mtoto yule alirudi. Kuna nyumba ambazo watoto hawakurudi, na intaneti iliporudi baada ya siku kadhaa tulianza kuyasoma yaliyotokea, na sikuweza kuyasoma kwa kidole. Niliyasoma moja moja, nikiandika, kwa wiki nyingi. Bado nina kurasa ambazo hazijakamilika.

Najua nitakachojibiwa, maana nimejibiwa. Muda uko wapi? Mama wa vitumbua ameamka saa tisa usiku. Anayetembea kutoka Mbezi kwa kukosa nauli hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Ni kweli, na makala za afya zinazowasahau hao nimeacha kuzisoma. Ninayesema naye ni mwenzangu wa kiti na foleni na kochi, ambaye tumekuwa wengi, na hata huyo mji haumsaidii. Njia za waenda kwa miguu zimejaa bodaboda. Taa zikizimika kipande cha barabara, mwanamke anarudi nyumbani, na hilo si uvivu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na nilifurahi. Lakini asubuhi moja kati ya siku thelathini inamwacha mtu mbali sana na dakika 150 za wiki. Njia ya miguu yenye taa, kutoka Kimara hadi Ubungo, isiyogeuzwa maegesho, ingepunguza vidonge vingi kuliko fulana za uzinduzi. Hili ningependa kulisoma siku moja kwenye bajeti ya halmashauri, tarakimu kwa tarakimu, ukurasa wa ndani.

Jumanne iliyopita nilifika mezani nikiwa na haraka, wingu limeshuka na daftari langu nimeliacha nyumbani. Kijana akaniamkia, nikaitikia, nikamwuliza za asubuhi. Akasema nzuri. Nikamwuliza za biashara. Nzuri. Nikachukua gazeti, nikalipa, nikaanza kugeuka. Kisha nikakumbuka, nikasimama.

"Za nyumbani je?"

Akasogeza jiwe moja kutoka pembe hii ya gazeti kwenda ile.

"Nzuri mama, ila wamepita jana jioni, wanasema tuhame hapa."

Nikamwuliza ni nani waliopita, na kama wamemwachia karatasi yoyote. Akainama chini ya meza kuitafuta.